Raia wa dunia anaitwa kwenye kikao gani? Mpwa wangu kanishika pabaya

Katibu wa Mwalo:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali za ziwa, kwenye mwalo mmoja hapa Ilemela, na nina biashara ndogo ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Nina mpwa wangu anasoma falsafa chuoni huko Nyegezi. Jumapili anakuja kula nyumbani, na siku hizi akishanawa mikono ananiambia yeye si Mtanzania kwanza, yeye ni raia wa dunia. Anasema aliyeanza maneno hayo ni Diogenes, Mgiriki aliyekuwa analala kwenye mtungi, alipoulizwa kwao ni wapi. Halafu ananishushia Peter Singer wa mwaka 1972: ukimwona mtoto anazama kwenye dimbwi utaingia kumtoa hata viatu viharibike, sasa mtoto anayekufa kwa njaa mbali na wewe amekosa nini, umbali tu? Huyo akiisha anakuja Joseph Carens wa 1987, kwamba kuzaliwa na uraia wa nchi tajiri ni sawa na kuzaliwa mtoto wa kabaila enzi zile: hukuutolea jasho, umeukuta.

Sasa mimi sibishi kwa kupenda ubishi. Nimesoma shule ya msingi wakati wa ahadi za mwana-TANU, na ya kwanza ilikuwa "Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja". Kwa hiyo asinione mshamba. Na mtu akizama ziwani hatuulizi kabila lake, tunawasha injini.

Kinachonikwaza ni hiki. Mwezi uliopita tulikamata kokoro, ule wavu haramu wa kukokota. Mwenyewe tukamwita kikaoni, na akaja. Akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kofia mkononi, akaanza kujitetea kwamba nyavu ni za shemeji yake. Mzee mmoja akamuuliza, "Shemeji yupi, huyo aliyehamia Geita zamani?" Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, mwisho akakubali kulipa faini kwa awamu. Kwa nini alikuja? Kwa sababu jina lake liko kwenye daftari langu, mke wake anauza mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, hatua chache kutoka pale tulipokaa, na siku injini ikimzimikia katikati ya maji ni sisi tutakaokwenda kumvuta.

Haya. Sangara wetu anakatwa minofu kiwandani, minofu inapanda ndege, huku yanabaki mapanki. Mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko kwa ajili ya habari za uvuvi wa sumu, uamuzi ulipitishwa Brussels, na aliyetumia sumu na ambaye hajawahi hata kuishika wote wakala hasara ileile. Simlaumu mtu kukataa samaki wa sumu, hata mimi nisingemla. Ila yule mlaji wa huko, kwa hesabu ya mpwa wangu, ni raia mwenzangu wa dunia. Nimwite kikao gani? Daftari lenye jina lake analo nani?

Nilipomuuliza hivyo akanijibu, "Mjomba, hilo ni suala la utekelezaji, si la falsafa." Nikaona ananitoroka. Wakuu, wapo wanafalsafa walioukosoa huu uraia wa dunia kwa hoja zenye meno, au niko peke yangu na daftari langu? Msiniletee "dunia ni kijiji", hiyo naisikia redioni kila asubuhi.

Naomba kuwasilisha.

Bodaboda Mstaarabu:

Mkuu hao raia wa dunia nawabeba kila siku. Anashuka chuoni anakwambia "kaka simu imezima chaji, nitakutumia baadaye", ndiyo kwaheri. Dunia nzima anaipenda, buku langu halipendi.

Mwalimu Mstaafu, Nansio:

Bodaboda, umefanya mzaha lakini hoja yako ina zaidi ya miaka 250. Jean-Jacques Rousseau, kwenye Émile ya mwaka 1762, aliwaonya wasomaji wajihadhari na watu wanaotafuta vitabuni wajibu wa mbali huku ule wa karibu wakiudharau. Akasema kuna mwanafalsafa anayewapenda Watatari, watu wa mbali huko Asia, ili asamehewe kumpenda jirani yake. Ni kombora tamu, ila mimi naliona dogo. Linampiga mnafiki, wazo lenyewe linabaki limesimama. Wako watu wanaolipa bodaboda na bado wanajali njaa ya mbali.

Katibu, ulichogusa wewe ni kizito zaidi. Kijana wako anabeba madai mawili kwenye kapu moja. La kwanza ni la kimaadili: kila binadamu ana thamani sawa, awe Ukara au Oslo. Wakosoaji wengi wa maana hawalikatai hilo. La pili ni la kisiasa: kwa hiyo haki, uraia na mamlaka viwe vya dunia nzima. Ugomvi wote uko kwenye hiyo "kwa hiyo".

Msome Thomas Nagel, Mmarekani, makala yake ya mwaka 2005 kuhusu haki ya dunia. Anasema madai ya usawa yanazaliwa pale watu wanapokuwa chini ya mamlaka moja inayowashurutisha na wakati huohuo inafanya hivyo kwa jina lao. Serikali inanikata kodi, inaweza kunifunga, na inadai inafanya yote hayo kwa niaba yangu. Ndiyo maana nina haki ya kuisimamisha niiulize kwa nini mwenzangu anapata shule na mimi sipati. Nje ya mamlaka ya namna hiyo, kwa Nagel, unabaki wajibu wa utu: usimuue mtu, usimtese, usimwache afe njaa ilhali unao uwezo. Lakini usawa, hapana, hakuna wa kumdai. Angalieni vizuri, hasemi kwamba Mzungu ana thamani kuliko Mkerewe. Anasema haki inataka mwenye dhamana. Ni daftari lako lilelile, limevaa joho tu.

Kwa hiyo kijana akisema "ni utekelezaji", jibu la Nagel ni kwamba chombo hakiji baadaye kuitekeleza haki iliyokwisha kuwepo. Bila chombo, haki hiyo ya usawa haijazaliwa bado.

Hannah Arendt alifika karibu na hapo kwa njia ngumu zaidi. Myahudi wa Ujerumani, alikimbia mwaka 1933, akaishi miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote mpaka Marekani ilipompa wake mwaka 1951. Mwaka huohuo akachapisha kitabu chake kuhusu tawala za kiimla, na humo akaonesha kitu cha kutisha: haki za binadamu, zilizosemwa kuwa ni za kila mtu kwa kuwa tu ni mtu, zilikosa msimamizi palepale watu walipopoteza dola na kubaki watu watupu. Ndipo akazungumzia haki ya kuwa na haki.

Sisi wa kanda hii hatuhitaji maelezo marefu. Aprili 1994 watu walimiminika Rusumo kutoka Rwanda, Benaco kule Ngara ikawa mji wa maturubai, na mwishoni mwa 1996 wakarudishwa kwao. Wakumbukeni pia Warundi waliokuja mwaka 1972. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia, vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Uraia wa dunia walikuwa nao tangu siku waliyovuka mpaka, na haukuwafaa kwa lolote. Walichosubiri miaka yote ile ni karatasi yenye nembo ya Jamhuri ya Muungano.

Kuna na David Miller wa Oxford. Yeye anasema watu wanakubali kukatwa kodi kwa ajili ya wasiowajua kwa sababu wanaaminiana, na kuaminiana huko kunaletwa na taifa: lugha moja, historia moja, kumbukumbu moja. Ukiliyeyusha taifa unakosa cha kuwashikanisha. Michael Walzer naye, mwaka 1983, alionya kwamba ukibomoa kuta za nchi hupati dunia isiyo na kuta, unapata vingome elfu moja, kila mtaa umejifungia wake. Mkitaka mfano wa kingome, Migingo ipo hapohapo ziwani: mwamba wenye mabati, na nchi mbili zimeugombea.

Mama Kayabo, Kirumba:

Mwalimu shikamoo. Nimesoma yote mpaka mwisho. Kwa Nagel nakubali, kwa Miller naomba nibishe.

Nauza kayabo, sangara wa chumvi. Mteja wangu mkubwa anatoka Bukavu, Kongo, na huwa anakuja mwenyewe. Zile za juu hazigusi kabisa. Anapenyeza mkono mpaka katikati ya mzigo, anatoa kipande, anakikunja. Kikikunjika bila kukatika anajua bado kina maji. Halafu ananusa penye mfupa, maana harufu huanzia hapo, anakung'uta chumvi aone kama kuna mchanga. Akiridhika tunapima, nusu ananilipa, nusu nampa mali kauli. Hatuna taifa moja, hatuna mahakama moja, bendera yake siijui rangi zake vizuri. Hajawahi kunidhulumu. Aliyenidhulumu anakaa Igoma, tunasali kanisa moja na Mwenge tuliupokea wote.

Utaniambia lugha. Sawa, Kiswahili tunasema wote, na Kiswahili hakina habari na mpaka. Basi kinachotushikanisha si taifa. Ni kwamba amekuja jana na atakuja kesho. Huyo Miller angekaa Mwaloni msimu mmoja tu angeandika vingine.

Na tena, taifa limenisaidia nini kwa yule wa Igoma? Nimeshapanda ngazi za ofisi mpaka magoti yanauma.

Raia wa Dunia:

Shikamoo mjomba. Shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Rafiki yangu kanitumia huu uzi, nimeusoma kwenye daladala watu wakaniona nacheka peke yangu. Bodaboda, huyo wa simu kuzima chaji si mimi.

Mjomba, sikukutoroka. Nagel anasema pasipo mamlaka inayoshurutisha kwa jina lako hakuna deni la usawa. Sasa tuangalie maji yenyewe tunayokunywa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri walibadilishana barua wakakubaliana kwamba kwenye Nile na maziwa yake, yaliyo chini ya utawala wa Uingereza, hakuna kujenga kitu kitakachopunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Cairo. Babu yako pale Ilemela aliulizwa? Alishurutishwa, na hakuna aliyejisumbua hata kudai kwamba ni kwa jina lake. Tukimfuata Nagel neno kwa neno, anayekushurutisha kwa jina lako unamdai haki, anayekushurutisha bila kukutaja hana deni la usawa. Yaani dhalimu akinyamaza ndiyo anapata nafuu! Hoja ya namna hiyo siwezi kuiita nzuri.

Najua utasema Nyerere aliikataa barua ile, mwaka 1962 Tanganyika ikawaandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba haifungwi nayo, na aliyefanya hivyo ni serikali ya nchi, dunia haikuwepo. Nakubali. Lakini hadithi haikuishia hapo. Baada ya kukataa, nchi za bonde zilianza kutafuta chombo cha wote. Mkataba ukafunguliwa Entebbe mwaka 2010, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliosaini kwanza, na umeanza kufanya kazi Oktoba 2024, japo Misri na Sudani hawamo. Umechelewa, una kilema, lakini ni chombo na kimevuka taifa. Hata Nagel anakiri mwishoni kwamba njia ya kufikia haki ya dunia huenda ikapitia kwanza kwenye mamlaka zisizo za haki, ambazo watu wataanza kuzihoji. Hapo mimi na yeye tunapeana mkono.

Na huyo Nyerere unayempenda, mwaka huohuo wa 1962, kwenye maandiko yake ya Ujamaa, alisema undugu usiishie kwenye kabila, wala taifa, wala bara, uwafikie binadamu wote.

Mwalimu Mstaafu, Nansio:

Marahaba kijana. Hoja ya 1929 ni nzuri, ina kazi zaidi ya Singer na dimbwi lake. Mama Kayabo, marahaba, na kwa Miller sikupingi sana. Mtetezi wake atakwambia mali kauli ni ya watu wawili wanaojuana, yeye anazungumzia mamilioni wasiojuana. Hilo ni kweli, ila linamrudisha kwenye swali alilotaka kulikwepa: mamilioni hao walianza lini kuaminiana, na nani aliwafanya? Tanganyika ya 1961 haikuwa na kumbukumbu moja. Ilitengenezwa, kwa shule, kwa Kiswahili, kwa kupangiwa kazi Mtwara wakati kwenu Bunda.

Lakini mpwa, kuna mtu hujamjibu. Carl Schmitt, mwanasheria wa Kijerumani, mwaka 1932 aliazima msemo wa Mfaransa Proudhon kwamba anayetaja ubinadamu anataka kudanganya. Schmitt mwaka uliofuata alijiunga na chama cha Hitler, kwa hiyo huyu ni wa kusomwa ukiwa umeshikilia mfuko wako. Hata hivyo hapo alisema kitu ambacho sisi tulikijua kabla yake. Soma hati ya Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Mataifa yaliyokaa kugawana yaliahidi kulinda makabila ya wenyeji na kuboresha hali yao ya kimaadili na ya kimaisha. Humo ndani ubinadamu umejaa tele, Mwafrika mezani hakuwepo hata mmoja. Ndiyo maana mkosoaji wa Kiafrika wa uraia wa dunia hana sababu ya kuanza na kulipenda taifa, taifa lenyewe mipaka yake ilichorwa na walewale. Anaanza kwa kuuliza kalamu imeshikwa na nani.

Katibu wa Mwalo:

Mwalimu nashukuru. Mpwa, marahaba. Kwenye 1929 umenikamata nusu, ile nusu nyingine nimetoka nayo.

Pale mwaloni tuna ubao wa kupimia sangara. Umechongwa alama kwa msumari, na chini ya sentimita 50 hapiti. Kipimo hicho sikukitunga mimi. Nchi tatu zinakubaliana mambo ya uvuvi kwenye taasisi yao ya ziwa iliyoundwa mwaka 1994, makao yake Jinja, Uganda. Kwa hiyo kila asubuhi natumia kitu kilichovuka taifa, na sijawahi kukilalamikia kwamba ni cha kigeni. Samaki akiogelea kwenda Kenya haombi kibali, ningekuwa mjinga kutaka kipimo cha Ilemela peke yake.

Ila angalia tofauti. Kipimo kikinionea, naandika muhtasari, unakwenda kwa afisa uvuvi, halmashauri, wizara, na wizara inakaa Jinja na wenzake. Ni safari ndefu na huko njiani karatasi nyingi zinafia mezani kwa watu, Mama Kayabo ni shahidi. Lakini kuna njia. Kwenda kwa yule mlaji wa minofu sioni hata kichochoro. Yeye sauti yake inanifikia, kwa bei, kwa marufuku, kwa vyeti vya ubora. Yangu inafia uwanja wa ndege. Kwa hiyo sipingi kitu kuwa kikubwa, napinga kuitwa raia mahali ambapo kazi yangu ni kupokea maagizo tu. Ukiniletea mwanafalsafa wa uraia wa dunia aliyeanza na hilo, badala ya kuanza na mtoto wa dimbwini, nitamsoma mpaka mwisho. Mtoto wa dimbwini hana la kusema, anatolewa tu. Mimi sizami, nina hoja.

Raia wa Dunia:

Mjomba, hiyo ya "sizami, nina hoja" naiiba kwa ajili ya semina. Wa kukuletea yupo, Thomas Pogge. Mwaka 2002 aliandika kwamba tatizo si kwamba matajiri hawasaidii, ni kwamba wanashiriki kuendesha kanuni zinazowaumiza maskini: nani anatambuliwa kukopa na kuuza madini kwa jina la nchi, hata kama aliingia kwa bunduki. Haanzi na huruma. Jumapili nakuja naye.

Mama Kayabo, Kirumba:

Mwalimu, swali moja kabla hamjafunga. Siku hizi wanunuzi wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, wanakuja na mitaji mikubwa kutoka mbali. Kwa sheria za huyu kijana, yeyote mwenye fedha atue na afungue kibanda Mwaloni, kwa kuwa dunia ni yake?

Mwalimu Mstaafu, Nansio:

Mama, hapo mkubwa wao mwenyewe yuko upande wako. Immanuel Kant, mwaka 1795, kwenye maandishi yake ya amani ya kudumu, aliikataa serikali moja ya dunia, akiona itaishia kuwa udikteta usio na roho. Sheria ya uraia wa dunia akaibana kwenye kitu kimoja tu, ukarimu: mgeni anayekuja kwa amani asitendewe kama adui. Ana haki ya kutembelea, hana haki ya kukaa. Wengi wanasoma hapo wakaona alikuwa mchoyo. Lakini alikuwa anawatazama wafanyabiashara wa Ulaya wa wakati wake, ambao aliandika kwamba kwao kutembelea nchi za watu na kuziteka ni jambo moja. Akawasifu Wachina na Wajapani kwa kuwawekea mipaka wageni wa namna hiyo.

Kwa hiyo kwa Kant mnunuzi wako wa mabondo anaruhusiwa kufika mwaloni, kusalimia, kuonesha fedha yake na kutaja bei bila mtu kumtukana. Kibanda ni makubaliano mengine, na hayo yanaandikwa nanyi mliopo pale. Mpwa wa Katibu atakwambia Carens hakubaliani na hilo hata kidogo, na ni kweli hakubaliani.